Kadi Moja Kabatini



Ukitoka Arusha mjini ukashika barabara ya Moshi, utaipita Tengeru, utaipita Usa River, na hapo utakuwa unakaribia Maji ya Chai. Anayeijua sehemu ile anajua jina lilikotoka: maji ya mto yana rangi ya chai ya rangi, na floraidi yake imewatia watu ukahawia wa meno kwa vizazi. Jirani ya hapo kuna kijiji kinaitwa Imbaseni. Tarehe 2 Juni 2011, nyumbani kwake Imbaseni, alifariki Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 63. Wazazi wake walimpa jina la Elmer Pratt. Dunia ilimjua kwa jina la Geronimo Pratt, na mwenyewe alijiita Geronimo ji Jaga.

Mtu huyo alikaa gerezani takriban miaka 27. Ndiyo, kama Mandela. Wa Robben Island tumempa mitaa na shule na sikukuu. Huyu aliishi Arumeru, akanunua nyanya barabarani kama sisi, akafa, na nadhani wengi mnaonisikiliza, pamoja na walioko Arusha hapo hapo, ndiyo kwanza mnalisikia jina lake.

Jioni hii sitasimulia maisha yake yote. Nataka tuzungumze habari ya kadi moja ndogo, ya zile za kupanga kwa herufi kwenye kabati la ofisi.

Lakini tumjue kwanza. Alizaliwa mwaka 1947 Morgan City, jimbo la Louisiana, kusini kabisa ya Marekani, kitinda mimba wa familia ya baba muuza vyuma chakavu. Weusi wa huko enzi hizo walikuwa na shule yao, mtaa wao na woga wao. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba wazee wa mtaani ndio waliomtuma jeshini, akajifunze silaha ili arudi kuwalinda watu wake. Akaenda Vietnam mara mbili, akarudi na nishani na mgongo ulioumia. Huo mgongo uukumbuke, tutaurudia.

Mwaka 1968 akaenda Los Angeles kusoma chuo kikuu, UCLA, na huko akaingia Chama cha Black Panther. Chama hiki kilianzia Oakland mwaka 1966. Vijana wake walivaa jaketi jeusi la ngozi na bereti, walibeba bunduki hadharani kwa sababu sheria ya California wakati ule iliruhusu, na asubuhi waliwapikia watoto wa maskini kifungua kinywa kabla ya shule. Mkuu wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, J. Edgar Hoover, aliwatangaza kuwa tishio kubwa kuliko yote kwa usalama wa ndani wa nchi. Wapo wanaosema kilichomkera Hoover si bunduki pekee, ule uji wa asubuhi nao ulimkera. Mimi nawaamini. Mwenye bunduki unamkamata leo, lakini anayewalisha watoto wa mtaa mzima utamshitaki kwa lipi?

Hapa nichepuke kidogo, maana kuna jambo linaloihusu lugha yetu. Mjini Los Angeles kulikuwa na kundi jingine la Weusi, linaitwa US, la Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sherehe ya Kwanzaa. Kundi hilo lilipenda Kiswahili mno, hata askari wake vijana liliwaita Simba Wachanga. Tarehe 17 Januari 1969, ndani ya UCLA, watu wa kundi hilo waliwapiga risasi na kuwaua viongozi wawili wa Panther, Bunchy Carter na John Huggins. Uhasama ulikuwepo, hilo halikanushwi. Lakini tume ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilipofungua majalada ya FBI miaka ya 1975 na 1976, ikakuta kwamba barua za kughushi na vikatuni vya matusi vilivyozidi kuwagombanisha vilitoka mezani kwa maofisa wa serikali. Ndivyo maneno ya Kiswahili yalivyojikuta kwenye ugomvi uliokuwa unapuliziwa moto na watu wasiojua hata maana yake. Mpango huo wa FBI wa kuwagombanisha uliitwa COINTELPRO. Wananchi waliujua kwa sababu usiku mmoja wa Machi 1971 watu wachache walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakabeba mafaili wakayapelekea magazeti.

Carter alipouawa, nafasi yake ya uongozi Los Angeles ikamwangukia Geronimo, kijana wa miaka 21. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo polisi wa Chicago wakamuua Fred Hampton kitandani kwake. Siku nne baadaye, alfajiri, polisi wa Los Angeles wakawavamia Panther wa mji ule, na kikosi kipya cha polisi wa mapambano, SWAT, kikafanya kazi yake kubwa ya kwanza. Watu walirushiana risasi kwa saa kadhaa. Geronimo alipona kwa sababu hakuwa kitandani. Ule mgongo wa Vietnam ulimfanya azoee kulala sakafuni.

Sasa tuje kwenye kesi.

Jioni ya tarehe 18 Desemba 1968, mke na mume walikwenda kucheza tenisi katika uwanja wa umma huko Santa Monica. Mke alikuwa mwalimu wa shule, umri miaka 27. Wakatokea vijana wawili weusi wenye silaha, wakachukua fedha, dola 18 tu, wakawalaza chini wote wawili na kuwapiga risasi. Mume alipona. Mke alikufa. Naomba huyu mama mwalimu usimsahau, msikilizaji, kwa sababu wenzetu waliompangia Geronimo kesi walimsahau mapema sana.

Miaka miwili ikapita. Desemba 1970 Geronimo akakamatwa Dallas, Texas, kisha akabebeshwa mauaji ya Santa Monica. Mwenyewe akasema: siku hiyo nilikuwa Oakland kwenye mikutano ya chama. Kati ya Oakland na Santa Monica ni zaidi ya kilomita 500. Ni sawa na kumshitaki mtu kwa mauaji ya Dar es Salaam wakati yeye jioni ile alikuwa Moshi. Na wapo waliojua alikuwa wapi. FBI ilikuwa imezitega simu za Panther, kila anayepiga na anayepigiwa anaandikwa. Kumbukumbu za siku zile zilipodaiwa, jibu likawa kwamba zimepotea. Baadaye ofisa mstaafu wa FBI, Wesley Swearingen, alijitokeza akasema Geronimo alisingiziwa, na kwamba shirika lake lilijua hakuwa Los Angeles.

Utauliza, na wenzake waliokuwa naye Oakland? Hapa ndipo pananiuma zaidi kuliko hata FBI. Chama kilikuwa kimepasuka. Mmoja wa waasisi wake, Huey Newton, alikuwa amemfukuza Geronimo na akawakataza wanachama wasimsogelee. Waliokaa naye chumba kimoja siku ile hawakwenda mahakamani kusema. Na mwezi Novemba 1971, yeye akiwa mahabusu, mke wake aliyekuwa na mimba ya miezi minane aliuawa. Baadhi ya wale wenzake wa Oakland walikuja kusema ukweli baadaye sana, mtu akiwa ameshazeekea jela.

Upande wa mashitaka ulikuwa na nini? Gari lilionekana lenye rangi kama ya gari lake, ingawa gari hilo Panther wengi walilitumia. Mume wa marehemu alimnyooshea kidole mahakamani akasema ndiye. Alichofichwa wakili ni kwamba mume huyo huyo aliwahi kumtambua mtu mwingine kabisa katika gwaride la utambulisho. Tena mwanzoni alimweleza muuaji kuwa hana ndevu, na Geronimo alikuwa nazo. Kulikuwa na bastola pia. Wataalamu waliipima, alama zake na za risasi za uwanjani hazikulingana. Kwa akili ya kawaida hapo kesi imeshalegea. Ikaokolewa na maneno ya mtu mmoja: aliambiwa na Geronimo mwenyewe kwamba mtutu ulibadilishwa.

Mtu huyo ni Julius Butler. Aliwahi kuwa askari wa idara ya sherifu, akaingia Panther, akatofautiana nao. Alimkabidhi sajenti wa polisi barua iliyofungwa, ya kufunguliwa yeye akifa, na ndani ameandika kwamba Geronimo alikiri kwake mauaji ya uwanja wa tenisi. Kizimbani wakili wa utetezi alimuuliza kama aliwahi kuwa mtoa habari wa vyombo vya dola. Akasema hapana.

Wakili aliyeuliza swali hilo alikuwa kijana anayeitwa Johnnie Cochran. Unamjua, ndiye aliyekuja kumtetea O. J. Simpson akashinda, mwaka 1995. Hii ya Geronimo alishindwa, na alikaa nayo rohoni miaka yote.

Kule California, katika kesi kama hii, wanaoamua hatia ni wananchi 12, na sharti wakubaliane wote. Si kama wazee wa baraza wa mahakama zetu, ambao walikuwa wakitoa maoni na jaji akiamua hayamfungi. Wale 12 walijifungia zaidi ya wiki nzima wakibishana. Tarehe 28 Julai 1972 wakatoka na jibu: ana hatia. Kifungo cha maisha. Geronimo alipaza sauti mle mahakamani kwamba hakumuua yule mama.

Miaka yake 8 ya kwanza aliwekwa seli ya peke yake. Miaka 8, msikilizaji. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anayang'oa, anaingia darasa la pili. Wengine wamechanganyikiwa kwa miezi 8 tu.

Halafu ikaja bodi ya parole. Mfungwa wa maisha anaitwa mara kwa mara kuulizwa kama amejirekebisha, na dalili ya kwanza wanayoitafuta ni majuto. Mwenye hatia anajua la kusema; analia kidogo, anaomba msamaha, pengine anatoka. Asiye na hatia atamwomba msamaha nani? Geronimo alinyimwa mara 16. Ile milango ya jela ilikuwa na ufunguo mmoja tu aliopewa yeye, nao ni kusema uongo juu yake mwenyewe. Hakuugusa.

Mahakama ya rufani nayo ilimkatalia mwaka 1980, ingawa wakati huo majalada ya FBI yalikuwa yameanza kutoka na yalionyesha kwamba Butler alikuwa anazungumza na maofisa wake mara nyingi. Yalionyesha pia kwamba FBI ilikuwa na watu wake katika kundi lile lile lililokuwa likimtetea mshitakiwa. Yaani wakili anapanga hoja jioni, na adui anaweza kuzisoma asubuhi.

Wapo waliong'ang'ana naye. Stuart Hanlon aliichukua kesi hiyo akiwa bado mwanafunzi wa sheria, akaifanyia kazi zaidi ya miaka 20. Mmoja wa wale 12 waliomtia hatiani aliposoma yaliyofichwa alijitokeza hadharani kusema angejua, asingekubali hukumu ile, akaingia kwenye kampeni ya kumtoa. Huyo namheshimu mno. Kukiri kwamba mkono wako mwenyewe ulifunga mlango si kazi ndogo.

Ndipo tunafika kwenye kadi. Mwaka 1996, ofisi ya mwendesha mashitaka wa Los Angeles ilipekua makabati yake yenyewe na kukuta, katika orodha yake ya watoa habari wa siri, kadi yenye jina la Julius Butler. Tafadhali lipime hili. Haikutoka kwa FBI huko Washington wala haikuibwa na wanaharakati usiku. Ilikuwa ndani ya ofisi ile ile iliyompandisha Butler kizimbani na kuwaacha wale 12 waamini kwamba anayesema mbele yao ni raia wa kawaida. Geronimo anahamishwa jela hadi jela, mama yake anazeeka Louisiana, na kadi imekaa tu, imepangwa kwa herufi.

Tukisikia dhuluma, akili zetu hukimbilia kwa mtu mbaya mwenye uso mbaya. Tunamtafuta Hoover, tunamtafuta Butler. Hoover alikufa Mei 1972, kabla hata hukumu haijatolewa. Dhuluma iliendelea miaka 25 bila yeye. Iliendeshwa na watu wenye adabu, wanaofika kazini saa mbili, wanaoandika kadi kwa usafi na kurudisha kabati mahali pake. Hakuna aliyelazimika kusema uongo mpya. Ilitosha kila mmoja asifungue kabati. Na kazi hiyo ya kutofungua ilikuwa nyepesi zaidi kwa sababu aliyefungwa alikuwa mweusi na alikuwa Panther. Mtu wa namna hiyo akisema sikufanya, nani atasumbuka kupekua?

Nasi tusijifanye wageni wa mambo haya. Kapenguria, Kenya, mwaka 1953 Mzee Kenyatta alifungwa miaka 7, na shahidi mmojawapo, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba alisema uongo kwa ahadi ya kusomeshwa Uingereza. Serikali ya kikoloni ikamshitaki Macharia, kwa kusema kwamba aliongopa. Na hapa kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini haikuhitaji hata huyo shahidi wa uongo; saini ilitosha.

Nirudi California. Mwendesha mashitaka wa mwaka 1972 alikuwa ameshakuwa jaji Los Angeles, kwa hiyo kesi ikahamishiwa Orange County, kwa Jaji Everett Dickey. Wafuasi wa Geronimo walinyong'onyea. Dickey alikuwa mhafidhina, aliteuliwa na Ronald Reagan alipokuwa gavana. Kumbe ndiye. Aliusikiliza ushahidi, Butler mwenyewe akahojiwa mbele yake, na tarehe 29 Mei 1997 akaifuta hukumu. Alisema Butler aliongopa kuhusu kuwa mtoa habari, na kwamba bila maneno yake kesi ya serikali haikuwa na nguvu. Tarehe 10 Juni Geronimo alitoka kwa dhamana ya dola 25,000. Aliingia ndani kijana, alitoka na miaka 49. Kitu cha kwanza alichokitaka ni kwenda Morgan City kumwona mama yake, bibi kizee aliyekwisha kuipita miaka 90. Alimkuta hai.

Wapo aliowakosa. Afeni Shakur, Panther mwenzake wa New York, alimfanya Geronimo kuwa baba wa ubatizo wa mwanawe. Mtoto huyo ni Tupac, yule mwanamuziki ambaye picha yake mpaka leo iko migongoni mwa daladala zetu. Alipigwa risasi akafa Septemba 1996, miezi 9 kabla Geronimo hajatoka.

Serikali ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 1999, ikaamua kutomshitaki tena. Mwaka 2000 akalipwa dola milioni 4.5: milioni 2.75 kutoka jiji la Los Angeles, na milioni 1.75 kutoka serikali kuu kwa ajili ya FBI. Nilichukua kalamu nikagawa. Ni kama dola 456 kwa kila siku ya miaka 27, kabla mawakili hawajachukua chao. Sijui wewe ungeuza siku moja ya ujana wako kwa bei gani.

Akaja huku. Imbaseni alikuwepo mwenzake wa zamani, Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Panther Kansas City. Mwaka 1970 O'Neal alihukumiwa kwa kosa la kuvusha bunduki kutoka jimbo moja kwenda jingine, akatoroka kabla ya kifungo, akafika Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte, ambaye wengi wanamwita Mama C, walijenga kituo cha jamii pale kijijini, watoto wakasoma na kulelewa hapo. Wamarekani Weusi wengi walifika nchini miaka hiyo wakilitafuta Azimio la Arusha. Si wote tuliowapokea vizuri. Mwaka 1974 dola yetu iliwakamata wengine kwa tuhuma za silaha, na wengi wakafunga virago. O'Neal alibaki. Na Geronimo, ambaye nchi yake ilikwisha kumlipa na angeweza kukaa popote, alichagua kuwa jirani yake.

Shinikizo la damu ndilo lililokuwa likimsumbua mwishoni.

Butler hakushitakiwa kwa ule uongo wa kizimbani. Na yule mwalimu wa miaka 27, aliyekwenda kucheza tenisi na mumewe jioni ya Desemba 1968 asirudi nyumbani, mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo chake.